Kumuenzi Afisa Mstaafu wa Jeshi Angali Hai: Mwongozo kwa Familia za Mtwara na Lindi

Mara ya kwanza tulipomfanyia shughuli mjomba wangu, Meja mstaafu, tuliharibu. Pilau liliiva vizuri, maturubai yalitosha, watu walijaa mpaka nje ya ua pale Newala. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akamtambulisha kuwa ndiye simba aliyemfukuza Idi Amin mpaka Kampala. Vigelegele vikapigwa. Mjomba akainama, akashika bakora yake kwa mikono miwili, hakusema neno mpaka jua likazama.

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu 11 Aprili 1979. Wakati huo mjomba alikuwa mvulana wa miaka 15 anayeokota korosho shambani kwa bibi yake. Jeshini aliingia 1983. Alikokwenda kupigana ni Msumbiji, alikoacha wenzake, na siku ile pale uani hakuna aliyeitaja Msumbiji hata mara moja. Tulimvisha sifa za watu wengine, zake tukaziacha chini.

Miaka minne baadaye tulirudia, safari hii tukianza na karatasi kabla ya sufuria. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya mara ya pili, pamoja na machache niliyojifunza nikizisaidia familia mbili za Lindi na moja ya Masasi. Ni mwongozo wa nyumbani: wa watoto, wapwa, majirani. Kambini wana taratibu zao za kumuaga mtu wao na hazituhusu.

Hatua ya 1: Muulize, tena kwa kupitia mtu anayestahili

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo mtoto wa kumzaa akimkurupukia baba yake na habari za sherehe, wazee watauliza: wajomba wamejua? Anza kwa mjomba wake kama yu hai, au dada yake mkubwa, au mpwa mkubwa kama mimi. Huyo ndiye atakayeingia jioni, apige "shikamoo", akae mkekani, aulize ya afya na ya shamba, halafu ndipo alete neno. Mke wake naye aulizwe kando. Mke wa askari anajua ni usiku gani mumewe halali.

Maswali ni matatu. Anataka? Nani asikosekane? Lipi lisisemwe?

La tatu lisikilize kwa makini kuliko mengine. Yapo mambo ambayo askari aliapa kuyatunza, na yapo mengine ambayo hakuna aliyemwapisha lakini hayatoki kinywani. Akisema "habari ya daraja lile iacheni", usimuulize daraja gani. Andika: daraja, hapana. Basi.

Na wapo wasiotaka shughuli kabisa. Mzee mmoja wa Kilwa aliwaambia watoto wake kuwa yeye alishaagwa kazini, hataki kuagwa tena. Walimwitia wenzake watatu wa zamani, wakawapikia pweza, wakawaacha wazungumze barazani mpaka usiku. Nadhani ile ndiyo shughuli bora kuliko zote nilizoziona.

Hatua ya 2: Jua cheo chake, na ukiandike sawasawa

Kijijini kila aliyewahi kuvaa kombati ni "kanali". Kwenye bango na kwenye mwaliko haifai. Ngazi za maafisa wenye kamisheni (hati ya uafisa) katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, kuanzia chini, ni Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Meja na Meja Jenerali wanapishana ngazi nne, na nimewahi kuona bango lililochapishwa "Meja Jenerali" kwa sababu kijana wa stesheni, duka la kuchapia, alidhani linapendeza zaidi. Luteni Kanali na Luteni Jenerali vilevile si ndugu.

Afisa Mteule ni ngazi nyingine, iliyo juu ya sajini na chini ya kamisheni. Usimwite Luteni ukidhani unamheshimu. Aliipata nafasi ile kwa miaka mingi ya kufundisha watu gwaride na nidhamu, na anajua ilivyo ngumu. Kama mtu wako alianza akiwa kuruta akapanda mpaka kupewa kamisheni, kama mjomba wangu, hilo liseme waziwazi, maana wenzake wanajua uzito wake.

Jina liandikwe hivi: Meja (mstaafu), halafu jina lake. Namba yake ya jeshi isiwekwe kwenye mwaliko wala kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Unatafuta kitu kimoja: wasifu wa utumishi wa kurasa mbili hadi nne, wenye miaka, mahali, vyeo, kozi na nishani, ambao yeye mwenyewe ameusoma na kuukubali. Ukiwa nao, mshereheshaji hana pa kupotea, mgeni rasmi anajua la kusema, na mjukuu ana cha kusoma.

Anza na alivyonavyo ndani. Fungua sanduku lile la bati mbele yake, kamwe usilifungue akiwa hayupo. Utakuta cheti cha kumaliza utumishi, vyeti vya kozi, barua za kupandishwa cheo, nishani, picha za gwaride. Piga kila karatasi picha kwa simu mchana kwenye mwanga wa dirishani, bila kuwasha taa ya simu, na nyuma ya kila picha ya zamani andika kwa penseli majina ya waliomo, kutoka kushoto. Usiandike kwa kalamu ya wino. Wino hupenya mbele.

Kisha mkae mzungumze. Msikae saa tano mfululizo. Saa moja moja, baada ya alasiri, siku nne au tano. Usianze na vita. Anza na mahali na vitu vidogo: alilala wapi usiku wa kwanza depo, kambi ya kuruta? Nani alimnyoa? Siku aliyotoka nyumbani alisafiri na nini, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikuwaje kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003? Ukimuuliza mzee wa Kusini habari ya kivuko cha Rufiji, atazungumza mpaka magharibi, na humo ndani yatatoka majina, miaka na vikosi ambavyo usingevipata kwa kuuliza "ulifanya nini jeshini?"

Halafu linganisha miaka yake na miaka inayojulikana. Nakuwekea hapa nguzo chache za kufungia kamba. Jeshi la Wananchi lilizaliwa 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo yaliyofanya jeshi la awali, Tanganyika Rifles, livunjwe. Miaka ile ya sitini na mwanzoni mwa sabini wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa wakifunzwa Nachingwea, kwa hiyo askari mzee wa huku akikwambia "niliwaona wale pale shamba namba 17", anasema jambo lenye historia. Kagera ni 1978 na 1979. Msumbiji, kupambana na waasi wa RENAMO, ni kati ya 1986 na 1988. Kisiwa cha Anjouan huko Komoro ni Machi 2008. Darfur, Lebanon na Jamhuri ya Afrika ya Kati zilikuwa za ulinzi wa amani chini ya Umoja wa Mataifa, na ile brigedi iliyopelekwa mashariki mwa Kongo kuwakabili waasi wa M23 ilianza kazi 2013.

Hesabu umri wake kwenye kila nguzo. Hesabu hiyo peke yake ingetuokoa mara ya kwanza. Isipolingana, usimsute, mara nyingi aliyekosea ni ndugu anayesimulia, si yeye. Mjomba hakuwahi kusema alikwenda Uganda. Ni sisi tuliokuwa tukisema kwa niaba yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka tukaamini.

Vyuo navyo ni alama nzuri. Akitaja Kihangaiko, anazungumzia mafunzo ya kuruta. Monduli ndiko maafisa wanakofunzwa na kupewa kamisheni na Rais. Duluti, karibu na Arusha, ni Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, na anayekwenda huko si afisa mchanga.

Mwombe pia akutajie wenzake wawili au watatu walio hai, uwapigie simu. Mwenzake mmoja alituambia habari ambayo mjomba hakuisema kwa miaka yote: kwamba huko Msumbiji, mvua ikinyesha, aligawa turubai lake vipande ili majeruhi wafunikwe. Tulipomsomea alinyamaza, kisha akasema, "Iandikeni, lakini muandike tulikuwa wawili."

Na mipaka iwepo. Idadi ya silaha, mpangilio wa kambi, njia za doria, majina ya waliofanya kazi za siri, hata kama ni ya zamani na yeye mwenyewe ameropoka kwa furaha, hayaingii kwenye karatasi. Picha za ndani ya kambi haziendi kwenye mtandao wala kwenye bango. Ukiwa na shaka, toa. Wasifu haupungui uzito kwa kukosa mchoro wa ghala.

Hatua ya 4: Tarehe

Kwetu huku kalenda inaamuliwa na korosho na mvua. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba watu wana fedha lakini hawana muda. Kila mtu yuko shambani au ghalani akisubiri mnada. Mvua zikishaanza mpaka Aprili, tope jekundu la Newala halimjui mgeni rasmi. Juni mpaka Septemba ndiyo miezi ya kufanyia shughuli. Angalia Ramadhani na Kwaresima zinaangukia wapi.

Wengi huchagua 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mimi nashauri muiache. Siku hiyo viongozi na wastaafu wako kwenye kumbukumbu za kitaifa na za mkoa, na siku hiyo ni ya waliokufa. Mzee wako atakaa chini ya turubai akifikiria makaburi ya wenzake pale Naliendele. 1 Septemba, siku jeshi lilipozaliwa, inafaa zaidi ikiangukia mwisho wa wiki.

Hatua ya 5: Barua

Wiki sita kabla, andika barua tatu. Ya kwanza kwa serikali ya kijiji au mtaa, kueleza mkusanyiko na muziki, na ofisi ya kata ipate nakala. Mkitaka kutembea barabarani na ngoma, polisi wajulishwe. Ya pili kwa wastaafu wenzake. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, una watu mikoani, na hao ndio watakaokwambia nani yu hai na nani anaumwa. Ya tatu kwa Mkuu wa Kikosi kilicho karibu. Hii ya tatu watu huiogopa au huiandika kama wanadai deni. Yetu ilikuwa hivi:

"YAH: OMBI LA MWAKILISHI KATIKA SHUGHULI YA KUMUENZI MEJA MSTAAFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi familia, wakazi wa wilaya ya Newala, tunatarajia kufanya shughuli ya kumuenzi ndugu yetu aliyelitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania tangu mwaka 1983 hadi alipostaafu kwa heshima. Shughuli itafanyika nyumbani, saa nane mchana, kwa tarehe iliyotajwa hapo juu. Tunaomba, endapo majukumu yataruhusu, ofisi yako itutumie mwakilishi wa kutoa salamu fupi. Hatuombi gwaride wala silaha. Tunaambatanisha wasifu wake wa utumishi na tutashukuru tukielekezwa penye makosa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,"

Ile sentensi ya kutoomba gwaride wala silaha ndiyo inayofungua mlango. Na ile ya mwisho ndiyo tuliyoihitaji hasa.

Wasipojibu, shughuli iendelee. Msitangaze kwamba "jeshi linakuja" kabla ya kupata jibu la maandishi.

Hatua ya 6: Mavazi, nishani, bendera

Vijana watataka kuvaa kombati wapige picha na babu. Kataa. Sheria inamkataza raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Vitambaa vya mabaka kwenye meza na viti navyo viacheni. Kijani cha kawaida kinapendeza, tena kinauzwa kila duka la vitambaa.

Mwenyewe avae suti, au kanzu na koti kama ndivyo alivyo, na nishani zake kifuani upande wa kushoto. Akiona ni nyingi au hataki maswali, ziwekwe mezani kwenye kitambaa cheusi, kila moja na kikaratasi chenye jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti: Nishani ya Vita, Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, na kadhalika. Msiite zote "medali ya ushujaa". Zifuteni kwa kitambaa laini kikavu tu. Dawa ya kung'arishia vyombo hula maandishi, na riboni ikioshwa huchuja rangi. Anayekaa Mikindani au Lindi mjini ajue chumvi ya bahari haina huruma na madini. Nishani zikimaliza kazi zirudi kwenye kisanduku kinachofungika, si ukutani sebuleni.

Mtoto asivae nishani za baba yake. Azibebe kwenye sinia, inatosha.

Bendera ya Taifa ikiwepo iwe safi, isiyochanika, isitandikwe mezani. Wimbo wa Taifa uimbwe na watu wenyewe badala ya spika. Mkiimba kwa midomo yenu, hata mama aliye jikoni ataacha mwiko na kusimama.

Hatua ya 7: Kamati, fedha, chakula

Watu watano: mwenyekiti, katibu, mhazini, wa chakula, na mmoja wa karatasi ambaye hafanyi kitu kingine chochote. Michango iandikwe kwenye daftari, na kundi la simu lionyeshwe hesabu kila Jumapili. Kilo moja ya mchele wa pilau huwatosha watu saba au wanane, kwa hiyo watu 150 ni kilo 20, ongeza tatu za majirani. Kama ni msimu wake, wekeni ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, na samaki wa kukaanga pembeni. Wanajeshi waliokula chakula cha kambi nusu ya maisha yao huiendea ming'oko kabla ya pilau, nimeona kwa macho yangu.

Jambo moja la fedha: kiinua mgongo chake kisitajwe popote, kwa utani wala kwa sifa. Mstaafu akisimamishwa mbele ya watu 150 na kusifiwa, kesho yake asubuhi kuna wanne mlangoni wenye mradi wa kuku.

Hatua ya 8: Asubuhi ya Naliendele

Kama mzee wako alikuwa Msumbiji, hatua hii usiiruke. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara katika barabara ya Newala, ile ile tunayoijua kwa kituo cha utafiti wa korosho, ndiko yaliko makaburi ya mashujaa wetu waliofia Msumbiji. Siku moja au mbili kabla ya shughuli, mpelekeni asubuhi, yeye na wenzake, na ndugu wawili tu. Ombeni ruhusa mapema kupitia kikosini.

Katika kumbukumbu ya kitaifa ya 25 Julai huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na mashada ya maua, kila kimoja na mtu wake. Ninyi hamna haja ya kuiga. Maua ya uani yanatosha. Mjomba alibeba maji kwenye chupa, akamwagia maua yaliyokuwa pale tayari, akasimama wima dakika nzima, akatuambia tukamsubiri garini. Tulikaa garini karibu saa moja. Hakuna aliyepiga picha, na hilo tulilipanga tangu nyumbani.

Aliyekuwa Kagera, Darfur au Kongo hana kaburi la karibu la kwenda. Mwachie dakika moja ya kimya kwenye ratiba, na mwenzake asome majina wanayoyakumbuka wao wenyewe. Majina tu, bila hotuba.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Ratiba yote isizidi saa mbili na nusu kabla ya chakula. Mkifika saa nane mnaanza saa nane, maana hawa ni watu waliofungwa vyumbani kwa kuchelewa dakika tano. Wastaafu watafika saa saba na nusu na kukaa wakitazama saa zao.

Dua au sala, Wimbo wa Taifa, kisha mjomba au mkubwa wa ukoo afungue. Halafu wasifu usomwe wote, polepole, na mtu mwenye sauti nzuri, ikiwezekana mjukuu wa sekondari aliyefanyishwa mazoezi mara tatu. Majina kama Duluti na Anjouan yamkwame nyumbani, yasimkwame pale. Baada ya hapo mwenzake mmoja wa jeshini, dakika saba. Kisha mke wake.

Mke asiwekwe mwishoni kama nyongeza. Alihama naye kambi hadi kambi, au alibaki Newala na watoto na mikorosho, akipokea barua mara moja kwa miezi mitatu. Shangazi alipopewa kipaza sauti alisema maneno machache: kwamba mwaka 1987 alikuwa akisikiliza redio ya jirani kila usiku, na betri zikiisha alikuwa akizianika juani kutwa nzima. Akina mama wote wa rika lake wakatikisa vichwa.

Mwakilishi wa kikosi, akija, aseme baada ya mke. Mwishoni mwenye shughuli mwenyewe, akitaka. Kiti chake kiwe kivulini, na kisitazamane na spika.

Watani nao wapewe nafasi. Watakuja bila kualikwa, mmoja atatembea kwa gwaride na fimbo begani akidai posho ya miaka yote, na hotuba itakatika. Iacheni ikatike. Wageni kutoka mbali waambiwe mapema wasije wakadhani ni ugomvi.

Ngoma? Sindimba, bila shaka, lakini kama bado kuna wazee wanaoijua beni, watafuteni. Beni ilizaliwa pwani watu wakiiga bendi na magwaride ya kijeshi, yenye vyeo na amri zake, na askari waliotoka Vita ya Kwanza ya Dunia waliieneza mbali. Mstaafu akisikia mdundo ule wa miguu hakai chini. Milio ya baruti na fataki hapana kabisa, hata moja. Waliorudi kutoka vitani wanajua kwa nini.

Zawadi

Mafundi vinyago wapo, na watu hukimbilia kuchonga sura ya mzee. Kumi kwa moja haifanani. Agizeni bakora ya mpingo au kiti cha kuegemea, na muagize miezi miwili kabla, huku mkiuliza kama gogo limekauka, kwa kuwa mpingo mbichi hupasuka ukishafika sebuleni. Maneno ya kuchonga yawe machache: cheo, jina, miaka ya utumishi. Bunduki ya kuchonga msimpe. Aliikabidhi ya kweli akashukuru.

Familia moja ya Ruangwa ilipanda miche ya mikorosho, mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Wazo zuri, ila walipanda Agosti, na kazi ya kubeba ndoo mpaka mvua zije ikamwangukia mzee mwenyewe.

Kama ameshatangulia

Taratibu ni tofauti na ni za haraka. Saa ile ile ya msiba ijulisheni kambi ya karibu pamoja na wastaafu wenzake, mkiwa na cheti chake cha utumishi mkononi. Heshima za kijeshi makaburini hutolewa na jeshi kwa kanuni zake, kulingana na cheo na namna alivyoondoka kazini. Msiwaahidi wanakijiji mizinga. Julai 2020 watu wa Masasi waliisikia mizinga 21 Lupaso akizikwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa, na tangu siku hiyo wapo wanaodhani kila afisa hupigiwa. Karatasi ile ya hatua ya tatu itawafaa hapa kuliko popote. Msipokuwa nayo, mtaiandika usiku wa matanga kwa kubahatisha.

Baada ya shughuli

Maturubai yakishashushwa, karatasi inabaki na kazi. Chapeni nakala sita: yake, ya mjomba, ya mtoto mkubwa, ya shule ya msingi aliyosoma, ya msikiti au kanisa lake, na moja iende kikosini na barua ya shukrani. Sauti mlizorekodi zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, si kwenye simu moja inayosubiri kuanguka kisimani. Za nyumbani ziwekwe kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, mbali na ukuta wa udongo. Mchwa wa Makonde hawabagui vyeti.

Wiki moja baada ya shughuli ya pili, mjomba aliniita. Nilimkuta barazani na nakala yake, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. "Mpwa," akasema, "ukurasa wa pili hapa. Mmeandika nilirudi kutoka Msumbiji Novemba. Ilikuwa Desemba. Mabibo yalikuwa yamekwisha." Nikaipeleka stesheni siku ile ile, nikachapa nakala sita upya.